Mtaa Usio na Wagonjwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Houda alifagia uwanja, akateka maji, kisha akasugua doa la kahawia ukutani, pale bibi yake alipozoea kutema mate ya tumbaku. Akirudi mchana, doa nalo limerudi.

"Bibi, kwani kopo la kutemea halipo?"

"Kopo ni la wagonjwa," alijibu Bibi Khadidja, mshona kofia wa mtaa wa Nyakabiga, tumbaku ikiwa imejaa shavuni. Ubishi wake ulijulikana mtaa mzima.

Tangu Ramadhani, miezi mitatu sasa, Bibi alikuwa na kidonda kwenye ufizi. Alikibandika tumbaku ileile kwa sababu ilitia ganzi. Maumivu yakitulia, alisema amepona. Yakirudi, aliongeza tumbaku. Houda alimsihi aende zahanati mpaka akachoka. Ungemfanya nini mtu kama huyo?

Jumanne moja akaja Caritas, muuguzi wa zahanati, na daftari mkononi. Ilikuwa miaka ya vita, na mtu apitaye nyumba kwa nyumba akiandika majina aliogopwa kuliko mbwa mkali. Bibi akamnong'oneza Houda, "Akiuliza lolote, sema hakuna."

"Nani hapa anatumia tumbaku?" aliuliza Caritas.

"Apana. Hakuna mutu," alijibu Bibi, shavu limevimba.

"Mwenye kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu?"

"Hakuna."

Caritas akatazama shavu, akatazama ukuta, akajiketisha kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Jamani, nimechoka! Musaga nimepata wanane. Buterere kumi na mmoja. Nyakabiga siku nne natembea juani, sijapata hata mmoja! Wakubwa wakisoma hesabu hii watasema saratani ya mdomo haipo kwenu, daktari apelekwe kwingine. Na kuta zenu zote ni kahawia!"

Houda akachungulia daftari. Hakuona jina hata moja. Chini ya kila mtaa palichorwa vijiti tu, kama vya kuhesabia vya darasa la kwanza. Akisema, atakuwa amemwasi bibi yake; akinyamaza, kidonda kitazidi kumla.

"Mama Caritas, chora kijiti kimoja," alisema. "Ni cha Bibi. Kidonda kina miezi mitatu."

"We mutoto!" Bibi alifoka, na tumbaku yote ikamtoka mdomoni, ikaangukia daftari.

Caritas akammulika Bibi mdomoni kwa tochi, na safari hii Bibi hakugomba. Caritas alimpeleka hospitali kesho yake. Ilikuwa saratani kweli, ila ilikuwa bado changa. Daktari alikata kipande cha ufizi na meno manne, na Bibi akapona.

Aliporudi alikatazwa tumbaku, akawa mkali mara mbili. Lakini aliusugua ule ukuta mwenyewe, kisha akaongozana na Caritas na Houda nyumba kwa nyumba. Jirani wa kwanza alijibu kwa shavu lililovimba, "Hakuna mutu."

"Fungua mudomo!" Bibi aliwaka. "Mimi nilisema hivyohivyo, nikidhani namkomoa mwenye daftari. Mficha maradhi kifo humuumbua! Uongo wetu haukuondoa ugonjwa hata mmoja, ulitaka kutuondolea daktari. Kama si mutoto huyu kusema kweli, kofia zangu zingekuwa zinamaliziwa na mwingine."

Jirani akafungua mdomo. Houda akachukua kalamu, akachora kijiti cha pili cha Nyakabiga.