Jina la Ndama

Haya yalimpata rafiki yangu Kasimiri wa Mutuka, miaka ile ya themanini, sabuni ilipokuwa ya kuota tu. Anayebisha akamuulize mwenyewe. Dola ilikuwa imemchukua mdogo wake Xaveria, mtoto wa miaka sita, ikamweka kwenye makao yake pale Babati, wanakofundishwa watoto kuipenda Dola kuliko mama zao. Mama alipozidiwa na ugonjwa akamtaka binti yake, Kasimiri akajitapa, "Namfuata mchana kweupe! Nani wa kunizuia?"

Mlezi wa makao, mwanamke aliyeitwa Severine, hata shikamoo yake hakuiitikia.

"Hapa hakuna mtoto wa mama," alisema. "Ila ukimtambua wako, mchukue."

Akamsukumia kwenye bweni lililozibwa madirisha kwa mabati, akafunga mlango. Ndani ya giza watoto walisikika wakipumua, wote kwa pamoja, kama mtu mmoja.

"Xaveria!"

"Nipo," wakajibu wote.

"Msinichezee nyie!" Kasimiri akafoka. Akakumbuka kuwa asubuhi ile ya kuchukuliwa, Xaveria alimnong'oneza jina alilompa ndama wao. Hata mama hakulijua.

"Ndama wetu anaitwa nani?"

Watoto wote wakajibu kwa sauti moja, sauti ya Xaveria, na kithembe chake kilekile: "Athali."

Kasimiri akaurukia mlango, akaupiga ngumi. Kwa nje, Severine akacheka kidogo, naye akasema kwa sauti ileile ya mtoto, "Athali."