Diski Kutoka Duarani

Sisimizi ndio walioanza kuhama. Paskalina alipokuwa akifagia sebule yao pale Ngokolo, mjini Shinyanga, aliwaona wakitoka na mayai yao mdomoni, wakiizunguka kwa mbali meza ya mumewe.

Herman alichora ramani za watafuta dhahabu. Mwaka huo wa 1998 laptopu yake ilikuwa imejaa, haimezi ramani nyingine, naye alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Bugarama na diski ngumu aliyouziwa na mchimbaji. Alichomoa kisomeo cha flopi, akaipachika diski hiyo ya pili mahali pake.

"Ilikuwa ya nani?" Paskalina aliuliza.

"Ya mpimaji mmoja. Alifukiwa duarani, shimo la dhahabu lilipotitia."

"Nawe ukaichukua?"

"Mama Davis, chuma hakina roho."

Mchana uleule nyumba ikanuka udongo mbichi. Kila Herman alipowasha mashine, kitu kiligonga ndani yake, ko, ko, ko, kama sururu chini ya mwamba, na mwanawe Davis, ambaye hata jino halijaota, akaacha kunyonya, akalegea, akawa anahema kwa taabu huku vumbi jekundu likimtoka pembeni mwa mdomo, Paskalina akilifuta kwa khanga, likitoka tena, akilifuta, likitoka tena.

Hospitali walisema mapafu ni mazima.

"Itoe, Baba Davis," Paskalina alinong'ona, amepiga magoti. "Nakuomba. Mtoto anaisha."

Herman akaichomoa. Diski ikalala mezani, haina waya wala umeme, inagonga.

Wakamwita mganga, mfumu Jilala. Mzee akaifunikia chungu, akafukiza dawa, akalihoji jini lililokuwa ndani yake kwa Kisukuma. Akasikiliza. Uso ukamsawajika.

"Mayu," alimwambia Paskalina kwa sauti ya chini, "linakataa kurudi shimoni. Linasema kule ni giza, na limekaa peke yake mno."

"Lifukuze, babu! Popote liende!"

Jilala akafunua chungu, akaipasua diski kwa shoka. Kugonga kukakoma. Davis akapiga chafya, akafumbua macho, akalitafuta titi. Paskalina alimnyonyesha akilia, akimshukuru Mungu na mizimu ya Jilala kwa pumzi moja, na Herman akakaa sakafuni kama gunia lililomwagwa pamba.

Mtoto aliposhiba akaachia titi. Akamgeukia baba yake, akamtazama kwa utulivu, kisha akasema kwa sauti nzito ya mtu mzima:

"Baba Davis, humu mna nafasi."