Lango la Bi Ridley

Kondoo hawakuwamo, lakini harufu yao ilikuwamo. Maureen aliisikia mara tu walipoingia kwenye malisho yale ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza: harufu nzito ya manyoya yaliyoloa, ilhali nyasi zilikuwa ndefu, hazijaguswa na mnyama. Akamwambia mumewe. Clive, mtu wa mahema tangu enzi za uskauti wake, akamcheka.

"Tumekuja mashambani, mke wangu. Ulitaka kunusa marashi?"

Bi Ridley, mwenye shamba, aliwapa ruhusa ya kulala pale kwa sharti moja: lango libaki wazi. "Yuko anayepita hapo," alisema. "Asipozuiwa, hana neno na mtu." Lakini kwa watu wa kule, kuacha lango la mkulima wazi ni aibu kubwa kuliko kulewa mchana. Clive alipokwenda kuteka maji kijitoni, mkono wake ulilifunga wenyewe, kwa mazoea, akili ikiwa kwenye chai.

Asubuhi waliamkia ukungu. Wakakunja hema, wakaufuata ukuta wa mawe kutafuta lango. Walitembea mpaka wakakuta nyasi zilizolala chini. Ni pale pale hema lao lilipokuwa.

"Tumelipita tu," alisema Clive. "Tuzunguke tena."

Wakazunguka. Ukuta haukuwa na mwanya popote, na nyasi zilizolala zikawa mbele yao tena. Safari hii Clive hakutania.

"Clive," Maureen alinong'ona, "jana ulilifunga lango?"

"Nadhani... ndiyo. Nisamehe, mpenzi."

Nyuma yao kitu kikapiga hatua, kikasimama waliposimama, kikaanza tena walipoanza, na ile harufu ikazidi mpaka Maureen akaionja ulimini, na pumzi ikasikika, pumzi ya kiumbe kilichochoka kutafuta njia, mara kushoto, mara mbele, mara sikioni mwake kabisa, na alipojikwaa kwenye jiwe mkono wa Clive ukamponyoka, akapapasa ukungu huku akiliita jina lake kwa kilio, mpaka vidole vikaushika mkono wake tena.

"Twende," ilisema sauti ya Clive.

Na lango likawa mbele yao. Bi Ridley alikuwa amelishikilia wazi, macho ameyafumba.

"Piteni! Upesi!"

Walipita. Maureen alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mmetoka wote?" aliuliza Bi Ridley, bado amefumba macho.

"Wote, mama," alijibu Maureen. "Sote wawili."

Ndipo sauti ikaja kutoka ndani ya ukungu, ikihema, ikilia.

"Maureen! Lango liko wapi? Nazunguka tu, silioni!"

Lango lilikuwa wazi kabisa. Maureen alifungua kinywa amwite mumewe, na vidole vilivyomshika, vilivyoloa, vikakaza.

"Twende nyumbani, mke wangu."