Jina la Kuazima

Mimi mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka. Dada yangu ndiye aliyekuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila mwaka, kabla ya siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, wanawake wa kanisa letu hapa San Antonio huenda kwenye makaburi ya zamani ya askari, mashariki mwa mji. Unaweka kisigino kwenye jiwe, unachomeka bendera ndogo penye ncha ya kiatu, unasoma jina la marehemu kwa sauti. Ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu. Mwaka ule, saa nne asubuhi, tulikuwa tukiicheka kofia ya mke wa mchungaji.

Safu ya saba kuna jiwe lililoandikwa "Asiyejulikana". Hapo huwa tunapita kimya. Dada akasimama.

"Maskini. Miaka yote hii hana wa kumwita."

"Twende bwana, jua kali."

"Ngoja nimwazime la mwanangu." Akachomeka bendera. "Ezell Pruitt!"

"Dada! Mtoto yuko vitani!"

"Ni leo tu. Nawe kwa woga!"

Bendera ikapepea. Upepo haukuwepo.

Jioni Ezell akapiga simu kutoka kambini. Alikuwa ananong'ona.

"Mama, wenzangu wananitazama wanashindwa kuniita. Kwenye orodha sipo. Kitambaa cha jina kifuani ni kitupu. Kesho tunatoka doria. Nisiporudi, nani atajua?"

Kulipokucha tukakimbilia makaburini. Neno la zamani lilikuwa limefutika. Pameandikwa EZEL, na vumbi jeupe limelala kwenye nyasi. Herufi ya tano ilikuwa inachongwa mbele ya macho yetu. Patasi hatukuiona. Tuliisikia tu.

"Mrudishie mwanangu jina lake," Dada akanong'ona.

Patasi ikaendelea kuchonga.

"Basi chukua langu."

"Usithubutu!"

Nikamshika mkono. Akaniponyoka, akaweka kisigino kwenye jiwe, akataja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Sauti ya patasi ikakoma.

Ezell alirudi mwezi wa nane, mzima, jina lake kifuani. Yeye humwita Mama, mimi humwita Dada, na hatuna jina jingine la kumwita. Kwenye karatasi zake zote mahali pa jina ni peupe. Juzi mke wa mchungaji aliniuliza, "Yule mama unayekaa naye ni nani?" Wameimba kwaya pamoja miaka thelathini. Nililia njia nzima.

Jina la Dada lipo kwenye lile jiwe. Kila Jumapili naenda kulisoma kwa sauti, mara kumi, na nikifika getini limeshanitoka.

Jumapili iliyopita nilikuta vumbi jipya kwenye nyasi. Chini ya jina, mwaka wa kufa umeanza kuchongwa. Bado tarakimu moja.