Sauti Iliyobaki Kwenye Kanda

Tak! Kitufe kilibonyezwa chumbani. Ukafuata mlio mwembamba, shiii, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kisha ikaja sauti ya mwanamume:

"Jembe tulishike sote, shamba letu la umoja,
Jasho lidondoke lote, tuvune sote pamoja!"

Uani, Mwanne aliinua kichwa. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Alitabasamu. Mdogo wake, Selemani, alikuwa akirekodi shairi.

Ilikuwa Tabora, mwaka 1975. Selemani alikuwa fundi baiskeli. Ushairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole vyenye grisi. Jumamosi ile, kijiji kimoja cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara, kingefungua darasa la kisomo cha watu wazima. Katibu wa kijiji, Bwana Masele, alikuwa amemwomba shairi la siku hiyo.

Selemani alitoka nje akiwa na kanda mkononi.

"Umeipata wapi?" Mwanne aliuliza. "Madukani kanda hazipo."

"Malenga hakosi kanda, dada."

"Malenga wa minyororo ya baiskeli!"

Wakacheka. Mwanne akaendelea kusuka. Hakuuliza tena.

Jumamosi watu walijaa mbele ya darasa jipya. Mwanne alikaa pamoja na wanawake. Selemani aliweka juu ya meza redio kaseti aliyoiacha marehemu baba yao. Masele akabonyeza kitufe. Shairi likasikika hadi nyuma. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Selemani aliona kifua chake kimekuwa kipana.

Hakuna aliyekumbuka kuzima mashine. Kanda iliendelea kuzunguka. Shiii. Kisha ikatoka sauti nyingine, ya mwanamke mzee, ya taratibu:

"...basi usilie, Mwanne mwanangu. Mimba tatu kutoka si kosa lako. Mumeo akikusema..."

Selemani aliruka, akabonyeza kitufe. Lakini kila mtu alikuwa amesikia. Wanawake waliangalia chini. Mwanne alijifunika kanga yake hadi usoni, akainuka, akashika njia ya kurudi mjini peke yake.

Masele alimpa Selemani kanda. Alisema kwa sauti ndogo, "Bwana Selemani, shairi ni zuri. Wenzetu wa kijiji cha pili wanaliomba Jumatano. Lakini si hivi lilivyo."

Selemani alimkuta dada yake uani. Ukili ulikuwa mapajani, lakini mikono haikusuka.

"Dada, nisamehe. Nilidhani ni kanda ya barua tu."

Kwao palikuwa na desturi. Mwanne alipokuwa ameolewa Urambo, mama yao, Mwanajuma, hakujua kuandika. Kwa hiyo alisema barua zake kwenye kanda, na kanda ikapelekwa na mtu wa basi. Mwanne alikuwa na jirani mwenye redio kaseti. Alisikiliza, kisha akarekodi jibu juu ya barua ileile. Kanda moja ilikwenda na kurudi miaka minne. Barua ikishasikilizwa, ilifutwa na jibu. Hakuna aliyeona vibaya.

"Nilifanya kama tulivyofanya siku zote," Selemani alisema.

"Siku zote tulikuwa tukijibizana," Mwanne alisema. "Barua hii mama aliisema mwezi mmoja kabla ya kufa. Nilikuwa sijamjibu."

 Selemani alisema, "Nitaifuta yote sasa hivi. Asisikie mtu mwingine."

"Ufute na kilichobaki? Umekula mwanzo wa mama yangu, sasa unataka na mwisho?"

Asubuhi iliyofuata walikwenda kwa Fakhrudin, fundi wa redio karibu na soko. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Bwana Fakhrudin."

"Marahaba. Leo malenga kaja na sura ya msiba."

Selemani alimweleza yote. Fakhrudin aliitazama kanda kwenye mwanga.

"Kanda ni kama ubao wa darasa," alisema. "Mwalimu akifuta mistari miwili ya juu na kuandika mingine, mistari ya chini inakwenda wapi?"

"Inabaki."

"Ndiyo. Shairi lako ni la dakika sita. Barua ilikuwa ya dakika ishirini. Ulifuta dakika sita tu. Zilizobaki ulimpa Masele bila kujua."

"Na zile sita?" Mwanne aliuliza. "Unaweza kuzirudisha?"

Fakhrudin alivua miwani. "Hapana, dada. Kilichorekodiwa juu yake hakirudi. Hata mimi siwezi."

Mwanne alitikisa kichwa polepole. Katika dakika zile sita mama alikuwa amemwita kwa jina lake la utotoni.

"Tufanye haya kwa mpangilio," Fakhrudin alisema. "Kabla ya kufuta, sikiliza kanda yote, pande zote mbili. Cha kutunza, kihamishe kwenye kanda nyingine. Kisha sikiliza ile nakala. Usifute cha kwanza mpaka nakala imekubali. Sasa, nipeni kanda ya pili. Mimi sina hata moja."

 Nyumbani Selemani alikuwa na kanda moja ya kwake. Ilikuwa na mashairi yake ya miaka miwili. Alikwenda mbio kwa baiskeli, akarudi nayo, akaiweka mezani.

"Futa," alisema.

"Yote yamo daftarini?"

"Matatu hayamo. Futa tu."

"Wewe kijana una moto hata ukifundishwa!" Fakhrudin alisema. "Nimesema nini sasa hivi? Kaa pale. Sikiliza. Andika."

Selemani alikaa. Alisikiliza, akasimamisha, akaandika, akarudisha nyuma. Jua lilikuwa limeinama alipomaliza.

Ndipo Fakhrudin alipounganisha mashine mbili kwa waya. Alimpa Mwanne kisikilizio cha sikioni, akamwonyesha kitufe cha kusimamisha. "Maneno haya ni yako," alisema, akatoka kukaa barazani. Selemani naye akatoka. Kupitia kioo cha dirisha walimwona Mwanne akisikiliza, mkono mdomoni. Alipomaliza alisikiliza nakala, mwanzo hadi mwisho. Akawaita.

"Imekubali."

Fakhrudin aliandika jina la mama na tarehe kwenye karatasi, akaibandika. Kisha alionyesha vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. "Kila upande una kijino chake. Ukikivunja, mashine haitakubali tena kurekodi upande huo." Alivunja kimoja kwa bisibisi. Sauti ya mama ikawa salama.

"Na kanda ya kijijini?" Selemani aliuliza.

"Nenda hadi mwisho wa shairi. Chomoa kipaza sauti, mashine yako haina sikio la ndani. Bonyeza kurekodi, iache izunguke hadi ikome. Itarekodi ukimya juu ya maneno. Geuza, fanya hivyo upande wa pili. Kisha sikiliza tena yote. Usiamini, sikiliza. Na kabla ya kumpa mtu kanda yoyote, fanya hivyohivyo."

Selemani alifanya. Alisikiliza ukimya hadi mwisho, bila kuinuka.

Jumatano shairi lilisikika kijiji cha pili. Makofi yalipoisha, Masele aliiacha kanda izunguke makusudi. Watu walisikia shiii tu, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Mwanne alikuwapo, na wanawake wawili wa kijiji cha kwanza pia. Mmoja alimshika Mwanne mkono, akakaa naye.

Jioni Mwanne aliweka kanda ya mama kwenye mashine, upande wa pili, ule wenye kijino chake. Alichomeka kipaza sauti. Kwanza alizungumza peke yake chumbani, akamjibu mama. Kisha akamwita ndugu yake. Bisibisi ilikuwa pembeni yake.

"Nataka useme hapa, Sele. Si kwa mashairi. Ukimaliza nitavunja kijino."

Tak. Selemani aliinama karibu na kipaza sauti, akamtazama dada yake.

"Dada Mwanne, mimi Selemani nakuahidi. Sauti ya mtu sitaifuta, wala sitaitoa nyumbani, kabla sijaisikiliza hadi mwisho na kumwuliza mwenyewe."