Mkono wa Meza ya Nyuma

TANGAZO KUHUSU UKAUSHAJI WA VIPANYA VYA KOMPYUTA KWA WANAFUNZI WA UUGUZI WENYE VIGANJA VYA UNYEVUNYEVU.

Ndivyo lilivyosomeka, likiwa na mihuri miwili. Mkuu wa chuo aliona ni jasho tu. Mabinti waliosafisha vidonda bila hata kukunja pua, wakikalishwa mbele ya kompyuta, walilowa viganja kama walionyeshewa. Aliyelowa kuliko wote walimbatiza Jasho. Alikwisha kufeli mtihani wa kompyuta mara mbili. Akifeli tena, afungashe virago.

Lakini kipanya cha meza ya nyuma hakikulowa jasho. Kilikuwa cha baridi, na kilinuka udongo wa kaburi bichi.

Kwenye mazoezi, Jasho alikishika. Mkono mwingine ukalala juu ya wake.

"Tulia, mwanangu," sauti ikamwambia sikioni. "Mimi nakushika tu."

Vidole vikatembea vyenyewe. Fomu ya mazoezi ikajaa bila kosa.

"Ahsante, mwalimu."

"Shoga, unamshukuru nani?" rafiki yake wa meza ya jirani akanong'ona. "Mwalimu yuko kule mbele, kajichimbia chini ya meza anatafuta waya. Nyuma yako hapana mtu!"

Jasho hakugeuka. "Nyamaza. Nataka kufaulu."

Mtihani ulifanyika wodini, kwa kompyuta ile ile ya meza ya nyuma. Mtahini alikuja na karatasi yenye alama za kasi na alama za mkao wa mgongo. Usahihi haukutengewa kisanduku. Jasho akaketi kumwandikia dawa ya moyo bikizee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akimwita "mjukuu wangu" tangu asubuhi. Dozi yake nusu kidonge. Mkono ukashuka juu ya wake, baridi ikampanda hadi kwapani, na ile harufu ya udongo ikatanda kitanda hadi kitanda huku vidole vikiruka kwa kasi iliyomfanya mtahini atabasamu, jina, umri, dawa, kisha penye nusu vikaandika vidonge vitano, na kila alipojaribu kufuta, mkono ulimbana mpaka mifupa ikalia, na sauti ikamcheka taratibu sikioni: "Si ulitaka kufaulu?"

"Vizuri sana! Thibitisha tu," mtahini akasema, macho kwenye saa.

Kidole kikaanza kushuka. Jasho akanyoosha mkono wa kushoto, akang'oa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake akaona uso wake, uso wa mtahini, na katikati yao kichwa kisicho na uso, kikigeuka polepole kumwelekea rafiki yake aliyesubiri zamu.

"Usikae hapa," Jasho akamsihi. "Tafadhali, ndugu yangu, usikae."

"Nikifeli, nikale wapi?" rafiki akajibu. Naye kompyuta ilimshinda.

"Mwingine!" mtahini akaita, akirudisha waya ukutani.

Taarifa ya chuo ilisema mtahiniwa alichomoa waya kwa woga wa kompyuta. Jasho alirudishwa kwao. Bikizee wa dirishani alipewa nusu kidonge, akaamka salama. Rafiki yake Jasho alifaulu kwa alama zote. Mgonjwa wake hakuamka.