Vishimo vya Njano

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri kilinuka girisi. Nyundo, mkuu wa genge, alichora kwa chaki sakafuni: lango, maabara, chumba cha baridi. Humo mlikuwa na maboksi arobaini ya dawa ya sindano, yamezuiliwa mpaka vipimo vitoke.

"Saa saba wafanyakazi wanatoka kula. Tuna dakika kumi na mbili. Shemeji anafungua, sisi tunabeba."

Mdogo wake, dereva wa genge, aliitikia kwa kichwa. Mke wa dereva, mpimaji wa maabara hiyo hiyo, aliuliza:

"Na majibu yakitoka mabaya?"

"Dawa ni dawa, shemeji."

Saa saba kasoro kumi.

Maabarani, mpimaji alikuwa peke yake mezani pake. Jana alichanganya dawa ile na chembe nyeupe za damu ya mtu. Pakiwa na sumu ya bakteria, hata bakteria waliokwisha kufa, chembe huamka kama zimo mwilini, zikatoa ishara ya homa. Leo akatia rangi ya kuifichua ishara hiyo kwenye vishimo vya sahani ya vipimo.

Vishimo vya maji safi havikubadilika. Vya dawa vikawa njano. Vyote.

Akaenda mlango wa nyuma.

Saa saba na dakika tatu.

Gari lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma.

"Iacheni dawa hiyo," mpimaji alisema. "Ina sumu. Mgonjwa akidungwa hii, haoni kesho."

"Si ichemshwe?" Nyundo aliuliza.

"Sumu hii haifi kwa moto wa jikoni."

"Basi atakayekufa simjui." Bastola ilitoka kiunoni. "Fungua."

Mpimaji alifungua chumba cha baridi. Ndugu wawili wakabeba. Dereva hakuthubutu kumtazama mkewe.

Saa saba na dakika tisa.

Nyundo aliingia kuchukua maboksi ya mwisho. Dereva akausukuma mlango wa chuma, akashusha komeo.

Ngumi zikatwanga kwa ndani.

"Umerogwa? Tumenyonya ziwa moja!"

"Ndiyo maana sikukimbia, kaka. Nakuzuia usiue."

Risasi ikatoboa mlango, ikapita pajani. Dereva akaporomoka, mgongo ukiwa bado umeegemea chuma. Mkewe alivua koti jeupe, akamfunga kwa nguvu, akashika simu ya ukutani kwa mkono uliojaa damu.

"Usipige," dereva alisema kwa meno yaliyoumana. "Panda gari. Nenda."

"Nyamaza, mume wangu." Kisha akasema kwenye simu, "Polisi? Majambazi wako maabara. Tuko watatu."